Mama Mary Sumner, Mwanzilishi wa Umoja wa Akina Mama



Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Mariamu, akina mama wa Umoja huingia kanisani kwa maandamano, wamevaa sare zao za bluu na nyeupe, na bendera yao ikiwatangulia. Watoto husimama juu ya mabenchi ili waone vizuri. Siku hiyo jina la Mary Sumner hutajwa katika sala, na pengine katika mahubiri pia. Lakini ukimwuliza mtu njiani wakati wa kurudi nyumbani, huyu Mama Sumner alikuwa nani hasa, wengi watakujibu tu kwamba alikuwa mke wa askofu huko Uingereza. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Alipoanza kazi hii mumewe hakuwa askofu bado, alikuwa kasisi wa kijiji. Tena yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa kusema mbele ya watu. Kwa hiyo tumeona vema kuwaelezeni habari za maisha yake, maana ndani yake mna mafundisho kwa mama na baba, kwa kijana na mzee.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Mary Elizabeth Heywood alizaliwa tarehe 31 Desemba 1828, huko Swinton karibu na mji wa Manchester, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Bwana Thomas Heywood, alikuwa mtu wa benki, mwenye mali, naye alipenda sana kuchunguza habari za kale. Mary alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa yote ilihamia Hope End, nyumba kubwa ya shambani karibu na mji wa Ledbury, upande wa magharibi wa nchi.

Kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa watu wenye nafasi siku zile, Mary hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani. Alijifunza lugha za kigeni, akajifunza na muziki, na Mungu alimjalia sauti nzuri ya kuimba. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sala. Basi mambo mawili aliyoyapata pale, yaani imani na wimbo, hayakumwacha mpaka uzee wake.

Alipokuwa msichana mkubwa wazazi wake walimchukua kwenda Roma ili aendelee na masomo ya kuimba. Huko ndiko alikokutana na kijana mmoja Mwingereza, jina lake George Henry Sumner. Kijana huyu alikuwa mwana wa Askofu wa Winchester, Charles Sumner. Baba yake mkubwa, John Bird Sumner, alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1848. Mwaka huo huo, tarehe 26 Julai, George na Mary walifunga ndoa. George alikuwa amekwisha kupewa daraja la ukasisi, na Mary alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

NYUMBANI KWA KASISI

Mwaka 1851 George alipewa parishi ya Old Alresford, kijiji kidogo katika dayosisi ya Winchester, kusini ya Uingereza. Walikaa hapo zaidi ya miaka thelathini. Mungu aliwapa watoto watatu: mabinti wawili, Margaret na Louisa, na mwana mmoja, Heywood, ambaye baadaye alijulikana kwa kazi zake za sanaa na uchunguzi wa mambo ya kale, kama babu yake.

Inasimuliwa kwamba siku Mary alipowekewa kifungua mimba wake mikononi, alishikwa na furaha na hofu pamoja. Alikuwa amefundishwa mambo mengi tangu utoto wake, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumlea mtu mwenye roho isiyokufa. Alitambua kwamba kazi kubwa kuliko zote maishani mwake ilikuwa imeanza, na yeye hakuwa tayari. Hofu ile hakuisahau. Wako akina mama wengi wanaosoma maneno haya ambao wanaijua hofu hiyo vizuri, ingawa hawajapata kumwambia mtu.

Kwa miaka mingi Mary alifanya kazi ambayo wake wa makasisi wanaijua. Aliwalea wanawe, akamsaidia mumewe katika parishi. Alifundisha Biblia, alisaidia katika uimbaji, aliwatembelea watu majumbani mwao. Hakuwa na cheo, wala hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kama angalifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na tano, watu wa Old Alresford wangalimlilia, na ulimwengu usingalimjua. Jambo hili afadhali tulikumbuke, maana wako kati yetu watu wanaodhani kwamba wakati wao wa kutumika umekwisha kupita.

MKUTANO WA KWANZA

Katika miaka ile ya 1870 binti yake mkubwa, Margaret, naye alipata kuwa mama. Mary alipomwona mwanawe ameshika mtoto mchanga, alikumbuka hofu yake mwenyewe ya miaka iliyopita. Akajiuliza, je, binti huyu naye ajifunze peke yake gizani kama nilivyojifunza mimi? Na je, wake wa vibarua pale kijijini, nani huwafundisha?

Ni lazima tuelewe hali ya Uingereza siku zile. Matajiri waliwaacha watoto wao mikononi mwa mayaya, hata pengine mama alimwona mtoto wake kwa saa chache tu kwa siku. Maskini walikuwa na taabu nyingine: chumba kimoja, watoto wengi, mshahara mdogo, na mara nyingi baba mlevi. Mama tajiri na mama maskini waliishi katika kijiji kimoja na kusali katika kanisa moja, lakini hawakuketi pamoja kuzungumza habari za watoto wao. Mary aliona kwamba katika jambo hili wote wawili walikuwa sawa. Kulea ni kazi yenye kuhitaji ujuzi kama kazi ya seremala au ya mganga, na hakuna aliyewafundisha.

Basi mwaka 1876 aliwaalika akina mama wa parishi waje nyumbani kwa kasisi. Wakaja, wenye mali na wasio na mali. Wakaketi wakimngojea mwenye nyumba aseme. Lo! Mary alipowaona wamekusanyika wakimtazama, moyo ulimruka. Maneno yote aliyokuwa ameyatayarisha yakampotea, akashindwa kusema. Ikabidi akina mama wale waombwe warudi nyumbani, waje tena juma linalofuata.

Ndugu msomaji, fikiri aibu ya siku ile. Mama mtu mzima, mke wa kasisi, mkwe wa askofu, ameita watu nyumbani kwake na ameshindwa kufungua kinywa. Angaliweza kuacha jambo lile likafia hapo hapo, na hakuna mtu ambaye angalimlaumu. Lakini juma lililofuata aliwaita tena. Nao walikuja, na safari hii alisema.

Aliyowaambia hayakuwa mambo ya kitaalamu. Aliwakumbusha kwamba watoto wao walitolewa kwa Bwana Yesu, mwili na roho, katika Ubatizo Mtakatifu, na ya kuwa ni wajibu wa mama kuwalea kwa ajili yake. Aliwataka wawaombee watoto wao kila siku, na kwanza waishi wenyewe kama wanavyotaka watoto wao waishi, maana mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Kila mama alipewa kadi yenye ahadi hiyo, akaichukua kwenda nayo nyumbani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Umoja wa Akina Mama: chumba cha nyumba ya kasisi, akina mama wachache wa kijiji, na kadi.

PORTSMOUTH, MWAKA 1885

Kwa muda wa miaka tisa Umoja ulibaki jambo la parishi moja tu. Kisha mwaka 1885 mkutano mkubwa wa Kanisa ulifanyika katika mji wa bandari wa Portsmouth. Kati ya mikutano yake ulikuwako mmoja wa wanawake, na aliyepangiwa kuhutubu ni Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle. Askofu alipoona umati wa akina mama mbele yake, alifikiri kwamba yeye hana la kuwaambia lenye kuwafaa kuliko mama mwenzao. Akamwomba Mama Sumner aseme mahali pake.

Siku zile si jambo la kawaida mwanamke kuhutubia umati. Mama Sumner alisitasita. Lakini alikubali, akasimama. Yule aliyeshindwa kusema mbele ya majirani zake, sasa alisema mbele ya umati wa mji wa kigeni. Aliwaambia kwamba hali ya taifa haitatengenezwa na sheria peke yake, kwa sababu taifa hulelewa nyumbani, magotini pa mama. Aliwasihi akina mama waungane katika sala na katika mwenendo mwema. Maneno yake yaliwagusa sana waliosikia, wakarudi kwao wakitaka kuwa na umoja wa namna hiyo katika parishi zao.

Askofu Harold Browne wa Winchester aliukubali Umoja uwe chama cha dayosisi nzima. Dayosisi nyingine zikafuata. Mwaka 1888 gazeti la Umoja lilianza kuchapishwa, na mwaka huo huo Bwana George Sumner aliwekwa kuwa Askofu Msaidizi wa Guildford. Ilipofika mwaka 1892 wanachama walikuwa 60,000 katika dayosisi 28. Mwaka 1896 Halmashauri Kuu iliundwa na Mama Sumner akawa Rais wake. Mwaka 1900 wanachama walikuwa wamefika 169,000, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali kuwa mlezi wa Umoja.

Umoja ulivuka bahari mapema. Wake wa wamisionari na wa walowezi waliuchukua kwenda nchi za mbali. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, ulianzishwa Uganda mwaka 1908, huko Budo, Mama Sumner akiwa angali hai. Kutoka chumba kile cha Old Alresford mpaka kilima cha Budo ilikuwa ni miaka thelathini na miwili tu.

MATATIZO YA UMOJA

Haitufai kusimulia habari za watakatifu kana kwamba hawakuwa na upungufu. Mama Sumner alikuwa mtu wa wakati wake. Ingawa aliwaketisha tajiri na maskini chumba kimoja, kadi za Umoja zilikuwa za namna mbili, moja ya akina mama wa hali ya juu na nyingine ya akina mama wa kawaida. Tena alisema juu ya watoto wa dola ya Waingereza kwa namna ambayo sisi, ambao nchi zetu zilitawaliwa na dola hiyo, hatuwezi kuisema.

Jambo lililoleta uchungu mwingi zaidi ni habari ya talaka. Umoja uliweka utakatifu wa ndoa kuwa shabaha yake ya kwanza, na Mama Sumner alipinga kwa nguvu kila sheria ya kuirahisisha talaka. Alikuwa na sababu yake. Aliona kwamba ndoa ikivunjika, wanaoumia kwanza ni mama na watoto. Lakini kanuni iliyowekwa ili kumlinda mama ilikuja kumfungia mlango mama mwingine. Mwanamke aliyeachwa na mumewe, hata kama hakuwa na kosa, hakuweza kuwa mwanachama. Katika nchi zetu swali lilikuwa zito zaidi, kwa maana wako akina mama wengi waumini walioolewa kwa mila, mahari imetolewa, watoto wamelelewa vizuri, lakini ndoa haijabarikiwa kanisani, pengine kwa sababu mume hataki. Hao walikaa nje wakiwatazama wenzao wakivaa sare.

Jambo hili lilijadiliwa kwa miaka mingi, hata baadhi ya akina mama katika nchi nyingine walijitenga kwa ajili yake. Mwishowe, mwaka 1974, Umoja ulipata katiba mpya. Umoja haukuacha kuitetea ndoa, ila mlango ulifunguliwa kwa Wakristo waliobatizwa wanaokubali shabaha zake, hata walioachika, na kila nchi ikapewa nafasi ya kuamua mambo yake. Wako waliohuzunika wakidhani kazi ya Mama Sumner imebomolewa. Wako pia waliolia kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamengoja mlangoni miaka mingi.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Mwaka 1909 Askofu George Sumner alifariki. Walikuwa wamekaa katika ndoa miaka sitini na mmoja. Mama Sumner, aliyekuwa amepita umri wa miaka themanini, aliwaachia wengine uongozi wa Umoja, lakini hakuacha kuuombea. Aliendelea kukaa Winchester, karibu na Kanisa Kuu. Alikuwa amezaliwa kabla ya magari ya moshi kuenea Uingereza, akaishi mpaka akaiona Vita Kuu ya kwanza ya dunia, ambayo iliwaua wana wa maelfu ya wanachama wake.

Alilala katika Bwana mwezi wa Agosti mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka tisini na miwili. Inasemekana kwamba maelfu ya akina mama walifika kwenye mazishi yake. Alizikwa pamoja na mumewe katika uwanja wa Kanisa Kuu la Winchester. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 9 Agosti. Leo Umoja una wanachama zaidi ya milioni nne katika nchi zaidi ya themanini, na sehemu kubwa yao ni Waafrika.

MAFUNDISHO KWETU

Tujifunze nini basi? La kwanza ni kwamba Mungu hakungoja mpaka Mary Sumner awe hodari. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, nyanya mwenye wajukuu, alipoita mkutano ule wa kwanza, na alishindwa. Mungu alimtumia juma lililofuata. Kama wewe umewahi kusimama mbele ya watu ukakosa la kusema, usiache. Rudi tena juma linalofuata.

La pili ni kwamba utumishi wake ulianza ndani ya nyumba yake. Hakuondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi ya Mungu. Alichukua jambo lililomwogopesha akiwa mama, akalifanya msaada kwa akina mama wengine. Hivyo ndivyo alivyofanya Loisi kwa Eunike, na Eunike kwa Timotheo.

La tatu ni gumu kidogo. Mwandishi wa habari hizi aliwahi kuhudhuria Ubatizo katika kanisa moja, akamwona msichana mdogo ameketi benchi la mwisho karibu na mlango, na mtoto mchanga mgongoni. Hakuwa na mume. Ibada ilipokwisha, akina mama walipeana mikono na kusalimiana nje, na msichana yule alipita kati yao kama mgeni. Hakuna aliyemtukana. Ila hakuna aliyemwuliza mtoto anaitwa nani, wala amelala vipi usiku, wala kama ana maziwa ya kumtosha. Nami pia sikumwuliza.

Hofu iliyompata Mary Sumner siku ya kifungua mimba wake, yeye alikuwa na mume, mama, nyumba kubwa na watumishi wa kumsaidia, na hata hivyo aliogopa. Msichana yule wa benchi la mwisho anaogopa pamoja na nani? Umoja ulianzishwa kwa ajili ya mama asiyejua afanye nini na mtoto aliye mikononi mwake. Hatuna ruhusa ya kusema ndoa si kitu, nalo Kanisa halisemi hivyo. Lakini kumkaribisha mama na mtoto wake waketi nasi, kumfundisha kuomba na kumlea mtoto yule katika ahadi za Ubatizo wake, kazi hiyo haihitaji katiba wala kura ya halmashauri.

Jumapili ijayo, ibada itakapokwisha, tazameni karibu na mlango. Akiwapo mama mmoja asiyesalimiwa, mwendeeni, mkamwulize jina la mtoto wake. Akishindwa kujibu siku hiyo kwa aibu, mngojeni juma linalofuata.

Mungu aibariki kazi ya akina mama katika parishi yetu. Amina.